KULA PAMOJA WAKATI WA UGONJWA: JE, MZEE ALIKOSA?



Katika darasa la Biblia la siku ya Jumatano liliulizwa swali lililotukalisha mpaka giza likaingia, na tuliondoka bila kulimaliza. Kijana mmoja alisoma habari za Bwana wetu kula pamoja na watoza ushuru (Marko 2), kisha akauliza: ikiwa Yesu alikula na kila mtu, je, Mkristo anayekataa kukaa meza moja na ndugu zake kwa kuogopa ugonjwa hana dhambi? Watu wote wakageuka kumtazama mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Wengi wanaijua habari yake, na wengine wanaijua vibaya. Ameturuhusu tuiandike, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, wala la mwenyeji wetu, wala la mahali penyewe.

Ilikuwa Julai 2020. Tulikuwa watu sita, tumetoka kambini na karatasi za ruhusa mkononi, tukateremka Bujumbura kwa ajili ya matibabu ya mmoja wetu. Jioni tukakaribishwa na ndugu wa kanisa anayeishi Bwiza, ambaye Mungu alikuwa amembariki kidogo katika biashara ya vitenge. Akatupeleka kwenye kabare moja ya mtaani. (Wengi wetu hatunywi pombe, lakini katika Bujumbura mtu akitaka brosheti nzuri huipata kwenye kabare, na hilo hata wachungaji wanalijua.) Uani palikuwa na meza za mbao karibu na jiko la mkaa, moshi mwingi na kelele nyingi. Mwenyeji wetu hakutaka wageni wake wakae kwenye moshi. Alikuwa ameomba chumba cha ndani, chenye viti vya mito, pazia na feni, na alikuwa ameagiza mukeke, ndizi za kukaanga, brosheti na ugali, vyote katika sinia moja kubwa ili tule kama watu wa nyumba moja.

Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji yenye bomba na kipande cha sabuni ya buluu. Tukanawa wote. Ndipo mzee wetu akachungulia ndani, akaweka mkono kifuani, akasema: "Baba, naomba unisamehe. Humo sitaingia." Mzee huyu ana ugonjwa wa sukari wa miaka mingi. Akaenda kukaa peke yake uani kwenye moshi, na hakula kitu. Mwenyeji wetu aliumia sana. Alisema neno moja tu: "Kumbe tumekuwa wakoma." Sisi watano tukaingia, tukala, na tukamsema mzee vibaya huku tukila. Hilo nalo tunaliandika kwa kuwa ni kweli.

Kwa wale ambao mwaka ule mlikuwa watoto, hapana budi tuwakumbushe hali ilivyokuwa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetangaza Machi 11, 2020 kwamba korona imekuwa janga la dunia nzima. Rwanda ilifunga shughuli zake mwezi huo huo wa Machi. Kongo nayo ilifunga baa, mikahawa na makanisa. Kenya iliruhusu hoteli za chakula kufunguliwa tena mwishoni mwa Aprili, lakini kwa masharti: wafanyakazi wapimwe kwanza, meza ziachane, wateja wapimwe joto mlangoni. Burundi ilitangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza Machi 31, na haikufunga. Masoko, makanisa, kabare na mikahawa viliendelea, na uchaguzi ukafanyika Mei 20. Tulisikia wengi, wakubwa kwa wadogo, wakisema kwamba Mungu anailinda nchi hii kwa namna ya pekee. Kisha Rais Évariste Ndayishimiye aliapishwa Juni 18, na Juni 30 akatangaza kwamba korona ndiyo adui mkubwa wa Burundi. Julai upimaji wa watu ulianza mjini Bujumbura, na bei ya sabuni ya buluu ikapunguzwa ili kila mtu aweze kuinunua.

Sisi ni wageni katika nchi iliyotupokea, na hatuandiki ili kuihukumu serikali yoyote. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba wakati ule hapakuwa na sheria ya kumwambia mtu usiingie chumba hiki. Mlango ulikuwa wazi na sinia lilikuwa tayari. Kila mtu aliachiwa dhamiri yake, na swali la dhamiri ni gumu kuliko swali la sheria.

Kwanza tuseme juu ya imani, maana mzee alishitakiwa kwamba hana imani. Mnakumbuka jinsi Zaburi ya 91 ilivyobandikwa kwenye milango mwaka ule, kwa sababu inataja tauni na kumwahidi mwenye kumtegemea Mungu ulinzi. Ni zaburi njema nasi tunaiomba. Lakini fungueni Mathayo 4. Ibilisi alipomweka Bwana juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe chini, alitumia zaburi hiyo hiyo. Hakutoa andiko la uongo. Alichukua ahadi ya kweli akaigeuza kuwa sababu ya kujitupa, na Bwana akamjibu kwamba Mungu hajaribiwi. Basi mtu anaweza kusimama mlangoni pa chumba kisicho na hewa, Zaburi ya 91 moyoni, akakataa kuingia, na asiwe amemkana Mungu hata kidogo.

Wengine hutaja kwamba Yesu alimgusa mwenye ukoma (Marko 1). Ni kweli, na twamshukuru Mungu kwa mguso ule. Lakini tuangalie ni kitu gani kilipita kati ya wale wawili. Afya ilitoka kwa Bwana ikaenda kwa mgonjwa. Sisi tukigusana, kinachopita ni kile tulicho nacho mwilini, na mara nyingi hatukijui. Mtu wa korona aliweza kuambukiza wengine kabla hajaanza kukohoa. Mwenyeji wetu alidhani mzee anawaogopa watu wa Bwiza kuwa ni wachafu. Mzee alituambia baadaye kwamba alijiogopa yeye mwenyewe pia: alikuwa amekaa siku nzima kwenye benchi la hospitali akisubiri, kati ya watu waliokohoa.

Hapa ni lazima tuseme kidogo juu ya jinsi magonjwa yanavyotembea, maana tumeona watu wema wakiogopa kitu kisichodhuru na kukumbatia kinachodhuru. Sisi tuliotoka Kivu na kando ya ziwa tumepita katika magonjwa mengi. Kipindupindu tunakijua tangu Uvira: huingia kwa kinywa, kupitia maji na chakula na mikono michafu. Mkahawani dawa yake ni maji safi, chakula kilichoiva na kuliwa kikiwa cha moto, na kunawa kwa maji yanayomiminwa, si karai moja ambalo wa mwisho ananawa uchafu wa wote. Ebola iliyoanza Kivu ya Kaskazini Agosti 2018 na kumalizika huko Juni 2020, ikiua zaidi ya watu 2,200, hupita katika majimaji ya mwili wa mgonjwa na wa maiti. Mpox, ambayo Burundi ilitangaza Julai 25, 2024, huenda zaidi kwa kugusana ngozi na ngozi, na kwa nguo na matandiko. Korona yenyewe ilipanda juu ya pumzi. Tulinawa mikono pale mlangoni tukadhani tumemaliza, kumbe tuliufunga mlango wa kipindupindu tukauacha wazi ule wa korona.

Kuna habari iliyochunguzwa vizuri na waganga wa China. Januari 24, 2020, katika mji wa Guangzhou, familia tatu zisizojuana zilikula mchana katika mkahawa mmoja, kwenye meza za jirani. Mmoja wao alikuwa na korona bila kujua. Chumba hakikuwa na madirisha, na mashine ya kupoza hewa ilikuwa ikivuma kupita juu ya meza zile tatu. Watu 10 wa familia hizo waliugua, akiwemo yeye wa kwanza. Wateja wengine wa ghorofa ile, waliokaa mahali ambapo upepo wa mashine haukupita, hawakuugua. Tuliposoma habari hii tulinyamaza, kwa sababu tulikumbuka feni ya kile chumba. Chumba kile tulipewa kwa heshima, na moshi wa uani ambao mwenyeji wetu alitaka kutuepusha nao ndio uliokuwa na hewa ya Mungu.

Basi tunasema wazi, ingawa mmoja wetu hakubaliani: mzee hakukosa kwa kukataa chumba. Alikosa kidogo kwa namna ya kukataa. Angeweza kumwambia mwenyeji wetu mapema, mchana, kwamba mimi ni mgonjwa wa sukari na naomba tukae nje. Mtu akisema hivyo mapema anaomba msaada, lakini akisema mlangoni sinia likiwa mezani anaaibisha. Na kwetu sisi wakimbizi aibu ya kukataliwa chakula ina kidonda cha zamani. Tuliwahi kupita vijijini tukaona watu wakificha sufuria zao. Mwenyeji wetu aliyekuja Bujumbura mikono mitupu, na ambaye sasa ameweza kuwalisha watu sita, hakukasirikia samaki. Lakini sisi watano tulikosa zaidi. Tulikuwa wazima, na ilitugharimu nini kusema, "Ndugu, wote tutakaa nje pamoja na mzee"? Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba yeye angeacha nyama maisha yake yote kuliko kumwangusha ndugu aliye dhaifu (1 Wakorintho 8). Sisi tulishindwa kuacha kiti cha mto kwa jioni moja.

Ndugu mmoja amesema, nasi tunaliheshimu neno lake: "Kambini tunalala saba katika chumba kimoja, na Aprili ile ile ya 2020 mto Rusizi ulipofurika Gatumba, familia zilisongamana kwenye mahema. Meza ya kabare ingeongeza nini?" Jibu letu ni hili. Saba wanaolala chumba kimoja hupeana ugonjwa wakiwa saba. Lakini watu sita mezani ni nyumba sita, na kila mmoja ana saba wake wanaomsubiri. Aliyeshika kijiko pale amewashikia watu arobaini ambao hawakualikwa na hawakuonja hata ndizi. Maskini asiyeweza kupunguza msongamano wa nyumbani kwake ana sababu kubwa zaidi ya kuchagua vizuri pale anapoweza kuchagua.

Na mwenye mkahawa je? Torati ina sheria mbili tunazozipenda kwa jambo hili. Ya kwanza iko Kumbukumbu la Torati 22: anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Haisemi mgeni ajiangalie mwenyewe. Inamwambia mwenye nyumba aweke ukingo. Kufungua madirisha, kupeleka meza uani, kutenganisha viti, kumpa kila mtu sahani yake badala ya sinia moja, huo ndio ukingo wa dari katika wakati wa korona, na mwingi wake hauhitaji fedha. Ya pili iko Kutoka 21, juu ya ng'ombe mwenye kupiga watu pembe. Ng'ombe akiua mtu na mwenyewe hakujua tabia yake, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa alikwisha kuonywa na hakumfunga, hatia ni yake. Kwa hiyo hatuwezi kumhukumu kwa kipimo kimoja mtu wa Machi 2020, ambaye hakuna aliyemweleza lolote, na mtu wa miaka iliyofuata ambaye ng'ombe wake alikwisha kujulikana mtaa mzima. Kujua kunaongeza deni.

Mpaka hapa tungeweza kukomesha makala, kama si dada aliyetuhudumia jioni ile.

Dada huyu ni wa kwaya yetu, mkimbizi wa mjini. Mkimbizi wa mjini hapati mgao wa chakula tunaopata kambini. Anakula alichofanyia kazi. Alilipwa kwa siku. Siku asiyokuja, halipwi, na kuna wasichana wengine watatu mlangoni wanaoitaka nafasi yake. Wiki kadhaa baadaye alikuja kwa wazee wa kanisa akilia. Alisema siku ile tulipokula alikuwa na homa tangu asubuhi, na alipoonja mchuzi jikoni hakusikia ladha wala harufu. Alijua. Alimeza panado, akafunga kitambaa kichwani, akabeba sinia letu. Na wakati huo tulikuwa tumekwisha kupata habari kwamba mama mzazi wa mwenyeji wetu, aliyekuwa akikaa naye nyumba moja, aliugua kifua akafariki. Hakupimwa. Hakuna anayeweza kusema ugonjwa ule ulikuwa nini wala ulitoka wapi, na hatutaki mtu yeyote kambini aseme kwamba anajua. Lakini dada yule alikuwa amekwisha kujihukumu.

Tulimwambia nini? Tunaona haya kuandika. Tulimwambia kwamba Mkristo husema kweli, na kwamba alipaswa kubaki nyumbani. Maneno yalikuwa sawa. Yeye akatuuliza kwa upole: "Wazee wangu, ningebaki nyumbani, nani angeniletea unga?" Hakuna aliyejibu. Tulikuwa wazee wanne na Biblia nne. Yakobo 2 inamtaja mtu anayemwambia ndugu asiye na nguo wala chakula aende kwa amani, apate moto na kushiba, bila kumpa chochote. Tulikuwa tumeihubiri mara nyingi, na hatukuwahi kudhani kwamba "kaa nyumbani" inaweza kuwa salamu ya namna hiyo.

Tangu siku ile tumeisoma upya 1 Wakorintho 11. Tulizoea kuisoma kama sura ya Meza ya Bwana tu, kuhusu nani anastahili kukaribia. Lakini ugomvi wa Korintho ulikuwa wa chakula hasa. Wenye nacho walikula mapema wakashiba na kulewa, na wengine wakabaki na njaa, wakaaibishwa. Paulo akaona kwamba wasiomtambua ndugu mezani wanajiletea hukumu, na akawaambia wangojane. Tunajiuliza kama kungojana maana yake si saa peke yake. Tulipokaa kwenye viti vya mito tulihesabu watu watano mezani na mmoja nje. Aliyesimama nyuma yetu na homa, akitumiminia maji ya kunawa, hatukumhesabu. Mkahawa mzima wa Bujumbura, na wa Nairobi, na wa London, ulisimama mwaka ule juu ya watu wa namna yake, wasioweza kuugua kwa sababu kuugua kuna gharama. Mteja aliuliza kama meza ni safi. Ni wachache waliouliza kama anayeifuta analipwa akilala kitandani.

Je, alikosa? Hapa sisi wenyewe tumegawanyika, na hatuoni sababu ya kuficha. Baadhi yetu wanasema alijua, na aliyejua ng'ombe wake ana deni, hata akiwa maskini. Wengine wanasema ng'ombe yule hakuwa wake. Alikuwa wa wote waliopanga mambo hivi kwamba mtu achague kati ya unga wa leo na pumzi ya mwenzake, na sisi wa kanisa tumo. Yeye mwenyewe anashika neno la kwanza. Alikwenda kwa mwenyeji wetu akamwambia yote, akiwa amepiga magoti sebuleni. Mwenyeji wetu alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwambia ainuke, na akamuuliza kama amekula.

Kilichofuata ni kidogo. Kina mama wa kanisa walianza ndoo ya unga. Kila Jumapili anayeweza analeta kikombe kimoja, na unga ule ni wa mtu yeyote, mkimbizi au mwenyeji, anayelazimika kukaa ndani kwa ugonjwa wa kuambukiza na ambaye asipofanya kazi hali. Haulizwi maswali mengi. Mpox ilipokuja mwaka 2024, nyumba mbili ziliishi kwa ndoo ile mpaka vidonda vikakauka, na baba mmoja anayechoma brosheti alikaa nyumbani bila kujificha. Kuna Jumapili ndoo inajaa, na kuna Jumapili unaona chini yake. Mama mweka hazina anaomba wanaoleta mahindi yasiyosagwa wayasage kwanza.

Na mzee wetu aliteremka tena Bujumbura, mwaka 2022, kwa dawa zake. Mwenyeji wetu alimpeleka kwenye kabare ile ile, akaagiza meza ya uani, karibu kabisa na jiko, na kila mtu na sahani yake. Dada yule hafanyi tena kazi pale, lakini alialikwa, na alikaa kwenye kiti. Mtoto wa mwenyeji wetu alishika birika akawanawisha wote kwa zamu, akaanza na mzee. Moshi uliwatoa machozi jioni nzima. Mzee alikula mukeke wake akaacha kichwa, jambo ambalo mwenyeji wetu bado analilalamikia kila tunapoonana.